Gustav Rau, munganga tajiri wa Ciriri: alijenga hospitali, wakaaji wakabaki na kazi ya kuilinda

BUKAVU – Kwenye kilima cha Ciriri, upande wa Kasha katika komini ya Bagira, kuna hospitali inayobeba jina la Mjerumani aliyefariki tarehe 3 Januari 2002. Watu wanalitaja jina hilo wanapoelekezana njia, na wauguzi wanaliandika kwenye karatasi za wagonjwa. Lakini vijana wengi wa Bukavu hawajui Docteur Rau alikuwa nani, wala makuta ya kujenga hospitali aliyatoa wapi. Hawajui pia kwa nini, mwishoni mwa maisha yake, watu wa Ulaya walikuwa wanagombania mali yake na kubishana kama bado ana akili timamu.

Gustav Rau aliuza viwanda vyake, akarudi shule akiwa mtu mzima, akahama bara, akajenga hospitali na kutibu watoto kwa mikono yake. Ni wachache wanaofanya hata nusu ya hayo. Lakini maisha yake yanaonyesha pia mahali ambapo ukarimu wa mtu mmoja unakoma, na ambapo wakaaji wenyewe wanapaswa kuingia na kusema hospitali yao iendeshwe namna gani.

Tajiri anayerudi shule

Rau alizaliwa tarehe 21 Januari 1922 mjini Stuttgart, kusini mwa Ujerumani, katika familia yenye viwanda. Stuttgart ni mji wa magari, na biashara ya baba yake ilikuwa ya vifaa vya magari. Kama vijana wengi wa kizazi chake, aliingizwa jeshini wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Vita vilipokwisha alisomea uchumi, kisha akaingia katika biashara ya familia.

Ujerumani Magharibi ilikuwa inajengwa upya, magari yanauzwa, na wenye viwanda wa Stuttgart wanatajirika. Rau alikuwa mmoja wao. Mwishoni mwa miaka ya 1950 alianza kununua picha za wachoraji wakubwa wa zamani. Wengi wanaokusanya picha huwatumia washauri, lakini yeye alizichagua mwenyewe. Hakuoa na hakupata mtoto. Kwa mtu wa nje, ilionekana njia yake imekwisha kuchorwa: viwanda, picha, uzee wa starehe.

Haikuwa hivyo. Alipokaribia miaka 40 alijiandikisha kusomea uganga. Aliketi darasani na vijana ambao umri wao ulikuwa nusu ya wake, akiwa bado anaendesha biashara. Alimaliza mwaka 1969, na katika uganga alishika njia mbili, magonjwa ya nchi za joto na magonjwa ya watoto. Kisha akauza kampuni zake. Mwaka 1971 aliunda shirika mjini Zürich, Uswisi, kwa ajili ya kusaidia nchi maskini, na sehemu kubwa ya utajiri wake ikaingia humo.

Huko Ulaya wengi walimlinganisha na Albert Schweitzer, munganga aliyejenga hospitali ya Lambaréné nchini Gabon. Lakini Schweitzer alizunguka akiomba michango na kupiga kinanda ili kupata fedha. Rau hakuwa na haja ya kuomba mtu. Makuta yalikuwa yake. Hilo lilimpa uhuru mkubwa, na baadaye ndilo lililoleta udhaifu.

Kutoka Nigeria hadi Kivu

Alifanya kazi kwanza Nigeria, kisha akaja Zaire. Mwishoni mwa miaka ya 1970 hospitali yake ilianza kupanda juu ya kilima cha Ciriri, juu ya mji wa Bukavu.

Ulikuwa wakati mgumu. Bei ya shaba ilikuwa imeanguka katikati ya muongo huo, na hatua ya Mobutu ya mwaka 1973 ya kuwapa Wazaire biashara za wageni ilikuwa imevuruga maduka na mashamba. Hospitali za serikali zilikosa dawa, nguo za vitanda na hata karatasi. Mishahara ya wauguzi ilikuwa inapoteza thamani kila mwezi. Katika Kivu, kazi kubwa ya matibabu ilibebwa na misheni za Kikatoliki na za Kiprotestanti, na na taasisi zilizoachwa na vyuo vikuu vya Ubelgiji, kama hospitali ya FOMULAC ya Katana.

Kwa wakaaji wa vilima vya Kasha na vya Kabare jirani, hospitali mpya yenye munganga wa watoto, dawa na chakula ilikuwa jambo kubwa. Mama aliweza kupanda na mtoto mgongoni na kumkuta mtu wa kumtazama. Rau mwenyewe aliishi maisha ya kawaida. Alihudumia wagonjwa na kusimamia kazi, na kila mara alirudi kwenye jambo lililomchoma zaidi, yaani njaa ya watoto.

Bwaki haiponi kitandani

Katika Kivu ugonjwa huo una jina ambalo kila mama analijua: bwaki. Mtoto anavimba miguu na uso, nywele zinageuka rangi na kuwa laini, ngozi inachubuka, hataki kucheza wala kula. Mara nyingi anayepatwa ni yule aliyeachishwa ziwa kwa sababu mdogo wake amezaliwa. Anakula bugali ya muhogo, tumbo linajaa, lakini mwili haupati kile ambacho maharagwe, samaki, maziwa au mayai yangempa.

Ni ugonjwa ambao watafiti waliufuatilia Kivu kwa miaka mingi. Lwiro, karibu na Katana, ilikuwa na kituo cha utafiti kilichoanzishwa na Wabelgiji mwishoni mwa miaka ya 1940, na waganga wa huko walichunguza lishe ya watoto wa vilima hivi kabla Rau hajafika. Sababu zilijulikana. Watu ni wengi na shamba la familia ni dogo. Sehemu kubwa ya ardhi nzuri ilikuwa imechukuliwa na mashamba ya chai, kahawa na kinakina. Muhogo unashibisha haraka kwa bei ndogo. Maji machafu yanaleta kuhara, na kuhara kunamaliza nguvu kidogo aliyobaki nayo mtoto.

Rau alijibu kwa kile alichokuwa nacho, yaani hospitali, dawa na chakula. Kulisha watoto wenye utapiamlo kulikuwa sehemu ya kazi ya Ciriri, pamoja na kutibu. Watoto ambao wangekufa walipona.

Lakini bwaki ina fundisho ambalo kila muuguzi wa Kivu analijua. Mtoto anaweza kuingia akiwa amevimba, akakaa wiki kadhaa, akapona na kurudi nyumbani akicheka. Akikuta nyumbani shamba lilelile, sufuria ileile na chemchemi ileile chafu, baada ya miezi anarudishwa. Munganga anaweza kumponya mtoto huyo mara tatu bila kugusa kilichomwangusha. Kinachoweza kukigusa kiko mikononi mwa watu wengine: baba anayeamua nini kipandwe, mama wanaopeana mafundisho ya uji wa soya, mwenye shamba kubwa, mwami, mkuu wa mtaa, vijana wanaoweza kwenda salongo na kufunika chemchemi. Hakuna hata mmoja wao anayelala katika kitanda cha hospitali, na bila wao hospitali inabaki kupangusa maji wakati bomba limepasuka.

Kasongo na Alma-Ata: njia nyingine

Wakati Rau anaanza Ciriri, dunia ya afya ilikuwa inabishana juu ya jambo hilohilo. Mnamo Septemba 1978, wajumbe wa serikali nyingi walikutana Alma-Ata, katika Kazakhstan ya wakati wa Muungano wa Kisovieti, kwenye mkutano wa OMS na UNICEF. Walitoka na tamko la kwamba huduma ya afya ianzie karibu na watu, na kwamba watu wenyewe wana haki na wajibu wa kushiriki, mmoja mmoja na kwa pamoja, katika kupanga huduma hiyo na kuitekeleza.

Kivu haikusubiri tamko hilo. Tangu 1971, huko Kasongo katika Maniema, ambayo wakati huo ilikuwa sehemu ya Kivu, waganga wa Zaire na wa Taasisi ya Magonjwa ya Tropiki ya Antwerp, Ubelgiji, walikuwa wakijaribu njia nyingine. Hawakuanza na jengo kubwa. Walisambaza vituo vya afya vidogo kuzunguka hospitali, kila kituo kikiwa na wauguzi wanaojua familia zinazokizunguka, na kila kituo kikikutana na komite ya wakaaji kuzungumza juu ya kazi, malipo na malalamiko. Hospitali ilipokea wale tu ambao kituo kilishindwa kuwatibu.

Mfano wa Kasongo, pamoja na mingine ya makanisa na misheni nchini, uliingia katika mpango wa taifa. Katika miaka ya 1980 Zaire ilijigawa katika zoni za afya 306. Leo Kongo ina zoni zaidi ya 500, na Kivu Kusini peke yake ina 34. Kila zoni ina hospitali kuu ya rufaa na maeneo ya afya, na kila eneo lina kituo chake.

Ciriri ilizaliwa kwa njia ya kwanza, njia ya jengo na mwenye jengo. Hakuna komite ya wakaaji iliyoketi na kuagiza hospitali hiyo. Ilitoka katika wazo la mtu mmoja na mfuko wa mtu mmoja, na shirika lenye mfuko huo lilikuwa Zürich. Hilo halipunguzi wema wake. Mama mwenye mtoto wa bwaki haulizi nani aliyepiga kura. Lakini maana yake ni kwamba hospitali ilisimama kwa nguvu ya Rau kadiri Rau alivyokuwa na nguvu.

Picha, wasimamizi na kifo

Katika miaka yote ya Kongo, Rau hakuacha kununua picha. Wakati siku zake zilikuwa za watoto wenye bwaki, kwa jina lake katika ghala la forodha karibu na Zürich zilikuwa zinakusanyika kazi za Fra Angelico, Cranach, El Greco, Fragonard, Monet, Cézanne na Renoir. Zilikuwa mamia, moja ya hazina kubwa za picha zilizokuwa mikononi mwa mtu binafsi Ulaya, na kwa miaka mingi karibu hakuna aliyeziona. Hazikuwa za kupamba nyumba. Alizihesabu kama akiba ambayo siku moja ingetumika kwa ajili ya watoto maskini.

Miaka ya 1990 ilivunja mambo mengi Kivu. Kulikuwa na uporaji wa wanajeshi wa 1991 na 1993, kisha wakimbizi wa Rwanda waliomiminika Bukavu mwaka 1994, kisha vita vya Oktoba 1996. Katika muongo huo Rau, mwenye umri wa zaidi ya miaka 70 na afya inayodhoofika, alirudi Ulaya.

Huko alikuta vita vya aina nyingine. Mtu asiye na mtoto, mwenye picha za thamani isiyohesabika, hakukosa watu wa kumzunguka. Mwishoni mwa miaka ya 1990 wakuu wa Uswisi walimweka chini ya usimamizi, wakiona hawezi tena kuamua mambo yake. Upande wa Ujerumani haukuona hivyo. Mawakili, mashirika na wasimamizi wakavutana. Picha zenyewe ndipo zikaanza kuonekana hadharani, na mwaka 2000 Paris ilizionyesha katika Musée du Luxembourg.

Mwaka 2001 Rau aliiachia mali yake ya picha UNICEF ya Ujerumani. Sehemu kuu ya picha hizo iliwekewa sharti la kubaki pamoja na kuonyeshwa kwa watu hadi mwaka 2026. Nyingine ziliweza kuuzwa kwa faida ya watoto. Alifariki miezi michache baadaye, tarehe 3 Januari 2002, na kesi juu ya mali yake ziliendelea miaka kadhaa baada ya maziko. Kuanzia 2009 sehemu ya picha hizo ilionyeshwa katika jumba la Arp Museum Bahnhof Rolandseck, kando ya mto Rhine. Mwezi Desemba 2013, picha moja tu ya Fragonard iliyotoka katika hazina hiyo iliuzwa mnadani London kwa zaidi ya pauni milioni 17.

Mtu huyo alikuwa ameamua kila kitu mwenyewe tangu ujana, lakini mwishoni wengine walianza kuamua kwa niaba yake. Kama hospitali ya Ciriri ingebaki imefungwa katika maisha yake tu, ingezeeka naye.

Hospitali bila mwenyewe

Haikuzeeka naye. Hospitali ilibaki na jina lake, ikaingia katika mfumo wa afya wa nchi na katika mtandao wa huduma za afya wa Jimbo Kuu Katoliki la Bukavu. Mji nao ulipanuka. Wahamaji wa vita walishuka kutoka vijijini, nyumba zikapanda miteremko, na kipindupindu na maporomoko ya udongo vikawa mambo ya kila msimu wa mvua.

Leo, kwenye karatasi, mkaaji wa Ciriri, wa Kadutu au wa Panzi ana nafasi ambayo wakati wa Rau haikuwepo. Kila eneo la afya linapaswa kuwa na CODESA, komite ya maendeleo ya eneo hilo. Wajumbe wake wanatoka kwa wajumbe wa afya wa mitaa, wale RECO wanaochaguliwa na wakaaji wenyewe. RECO ndio wanaopiga hodi siku za chanjo ya polio, wanaohesabu nyumba kabla ya kugawa vyandarua, wanaotoa habari kuharisha kukianza katika avenue fulani. Katika CODESA wanaketi pamoja na muuguzi mkuu wa kituo. Wanatakiwa kujua dawa zilizoingia na zilizotoka, makuta yaliyopokelewa na yaliyotumika, na kusema kama bei za matibabu zinalingana na mifuko ya watu.

Kwa vitendo, mambo hayaendi hivyo kila mahali. RECO hawana mshahara, na mwenye watoto wa kulisha anachoka kujitolea. Pengine komite inajazwa na jamaa au marafiki wa wakubwa. Pengine inaitwa kutia sahihi ripoti iliyokwisha kuandikwa. Mradi wa nje ukiwepo, vikao vinafanyika kwa sababu kuna makuta ya usafiri. Mradi ukifungwa, vikao vinafungwa nao. Na mkaaji wa kawaida mara nyingi hajui kwamba komite ipo, wala nani anamwakilisha ndani yake.

Hasara ya kutojua huko inaonekana kwenye malipo. Tangu bajeti ya leta ilipoanguka, mgonjwa wa Kongo amekuwa mlipaji mkuu wa hospitali yake. Wagonjwa kushikiliwa baada ya kupona kwa sababu ya deni, hata mama aliyejifungua, ni jambo lililozoeleka mno nchini. Mutuelles de santé, ambazo Kanisa na vyama vya wakaaji walizieneza katika Kivu Kusini, ni jibu mojawapo. Familia zinaweka makuta kidogo kila mwaka kabla ugonjwa haujafika, kisha zinazungumza na hospitali zikiwa kundi lenye sauti. Sheria ya Februari 2017 juu ya mutualité ilizipa msingi. Lakini mutuelle inaishi kwa kuaminiana, na watu wanaiamini wanapoona hesabu na kuwajua wanaozishika.

Hapo ndipo historia ya Rau inawagusa wakaaji wa leo. Bukavu imezoea wafadhili. Wamekuja na hema, dawa, magari meupe na vibao vya miradi, na wengi wamekwenda. Rau alikaa kuliko wengi wao, alitoa kilicho chake mwenyewe, na akaacha nyumba ya kuta na paa badala ya kibao. Hata hivyo naye alikwenda, kama kila mtu. Kilichoiendeleza hospitali baada yake ni wauguzi waliobaki kazini, Kanisa, zoni ya afya, na wagonjwa wanaolipa franka zao kila siku.

Wagonjwa hao ndio wafadhili wakubwa wa sasa, ingawa hakuna kibao chenye majina yao. Mfadhili wa Stuttgart alikuwa na haki ya kuuliza makuta yake yanafanya nini juu ya kilima. Mama wa Ciriri anayelipia kitanda cha mtoto wake ana haki hiyohiyo. Mahali pa kuuliza ni kikao cha CODESA cha eneo lake la afya. Muuguzi mkuu wa kituo cha karibu ndiye anayejua siku na saa ya kikao kinachofuata, na hakuna sheria inayomkataza mkaaji kumuuliza.